Je, Wajua? Usiitupe Themostati ya Gari Lako la Zamani

Je, wajua kwamba karibu theluthi moja ya nishati iliyomo kwenye mafuta unayotia tangini haisukumi gari hata hatua moja, bali huishia kwenye maji ya rejeta ikiwa joto tupu? Joto hilo likizidi, hedi inapinda. Likipungua mno, injini inachakaa kabla ya wakati wake. Anayelinda mpaka wa chini wa joto hilo ni kidude cha shaba na chuma kinachoenea kiganjani, kinachokaa pale mpira wa rejeta unapoungana na injini. Ndiyo themostati.

Na je, wajua kwamba katika gereji nyingi za Afrika Mashariki hicho ndicho kitu cha kwanza kung'olewa gari likianza kuchemsha? Mwenye gari huambiwa kwamba themostati ni ya nchi za barafu, huku kwetu jua linatosha. Ushauri huo umeharibu injini nyingi nzuri, na safu ya leo imeandikwa kuupinga.

Tuanze na hesabu ndogo. Injini nyingi zimeundwa zifanye kazi maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 100 za Selsiasi. Dar es Salaam mchana wa Januari, hewa huwa nyuzi 32 hivi. Kwa injini, tofauti ya Dar es Salaam na Ulaya ni ndogo kuliko tunavyodhani: kote huko hewa ya nje ni baridi mno kwake, na kote huko inahitaji kitu cha kuizuia isipoe kupita kiasi.

Je, wajua kwamba kinachofungua themostati ni nta? Hakuna waya, hakuna umeme. Ndani ya kikombe kidogo cha shaba kuna nta ya parafini iliyochanganywa na unga wa shaba, na juu yake kuna mpira na pini. Nta ikiyeyuka hutanuka kwa takriban asilimia 10 hadi 15, ikaisukuma pini, springi ikabanwa, mlango ukafunguka. Maji yakipoa, nta inasinyaa na springi inaurudisha mlango mahali pake. Unga wa shaba una kazi yake: nta peke yake hupitisha joto polepole sana, hivyo unga huo hulipeleka upesi hadi katikati. Na kiwanda kikitaka themostati ifunguke nyuzi 76 au nyuzi 88, hubadilisha mchanganyiko wa nta.

Aliyeleta ubunifu huo wa nta alikuwa Sergius Vernet, aliyepata hataza zake Marekani katika miaka ya 1930. Baadaye alianzisha kampuni ya Vernay Laboratories katika mji mdogo wa Yellow Springs, jimbo la Ohio. Mafundi wa ndege ndogo wanalijua jina lake hata kama hawaijui historia yake, kwa sababu vali inayoongoza oili ya injini kwenda kwenye kipoozea chake huitwa Vernatherm.

Je, wajua kwamba Ford Model T, gari lililouzwa kwa mamilioni kati ya 1908 na 1927, halikuwa na themostati? Ukiacha magari ya mwanzo kabisa, hata pampu ya maji halikuwa nayo. Maji ya moto yalipanda yenyewe hadi juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka na kurudi kwenye injini.

Kabla ya nta kulikuwa na mvukuto: kopo la shaba nyembamba lenye mikunjo, ndani yake kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mvukuto ulikuwa na sifa moja ambayo nta imeikosa. Ukitoboka, hutanuka wenyewe na kuacha njia wazi, gari likafika nyumbani likiwa baridi lakini zima. Nta ikivuja, mara nyingi mlango hubaki umefungwa. Hata hivyo mvukuto ulishindwa vifuniko vya rejeta vya shinikizo vilipoenea, kwa sababu shinikizo la maji lilikuwa likiubana na kuchelewesha kufunguka kwake.

Volkswagen Beetle ya zamani, ambayo haina rejeta wala maji, ina themostati pia. Ni mvukuto uliofungwa chini ya injini, nao hufungua vibao vya njia ya hewa joto linapofika nyuzi 65 hadi 70. Beetle nyingi za zamani zimeng'olewa mvukuto huo na vibao vyake. Kama hata injini inayopozwa kwa upepo iliwekewa mlinzi asiiache ipoe mno, anayedai kwamba injini ya maji haimhitaji ana kazi kubwa ya kututhibitishia.

Sasa tufike dukani, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Je, wajua namba iliyogongwa kwenye themostati ina maana gani? Ukiona 82, ujue kwamba hapo ndipo inapoanza kufunguka. Kufunguka kabisa huja baadaye, kwa kawaida nyuzi 12 hadi 15 juu yake. Kwa injini ya Toyota 4A-FE, inayopatikana kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, mlango unatakiwa uanze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ifikapo nyuzi 95 uwe umeinuka milimita 8 au zaidi. Ukinunua themostati iliyoandikwa 180, usishtuke: hizo ni nyuzi za Farenhaiti, sawa na 82 zetu. 160 ni sawa na 71, na 195 ni takriban 91.

Je, wajua kwa nini themostati za nyuzi 71 ziliwahi kuwepo? Zamani huko Marekani madereva walitia spiriti kwenye rejeta ili maji yasigande wakati wa baridi. Methanoli huchemka nyuzi 65 na ethanoli nyuzi 78, kwa hiyo injini ikiachwa ipate moto sawasawa, spiriti yote ingetoka kwa mvuke. Themostati ya joto dogo ililinda spiriti. Ilipokuja kulanti ya ethilini glikoli, ambayo haichemki upesi namna hiyo, themostati za nyuzi 82 na zaidi zikatawala.

Hapo ndipo penye kosa la wengi. Mtu gari lake linachemsha, anakwenda kununua themostati ya nyuzi 71 akidhani amenunua ubaridi. Themostati hupanga joto la chini tu, yaani hapo ambapo injini hairuhusiwi kushuka. Joto la juu linapangwa na rejeta, feni, pampu, na wingi wa maji. Kama rejeta imeziba kwa chumvi na uwezo wake umebaki nusu, gari litachemka likipanda mlima wa Kitonga hata ukiweka themostati ya nyuzi 50, kwa sababu kufikia hapo mlango umeshafunguka wote na hauna tena la kusaidia. Tofauti pekee ni kwamba litachemka dakika chache baadaye.

Basi chagua ipi? Ile iliyotajwa na mtengenezaji wa injini hiyo. Hakuna jibu la kijanja zaidi ya hilo. Kwenye gari lenye feni ya umeme, feni hupangwa iwake themostati ikiwa imeshafunguka. Ukibadilisha namba ya themostati bila kujua feni inawaka nyuzi ngapi, umevuruga mpangilio mzima.

Namba ikishalingana, linganisha umbo. Watu wengi huishia kupima duara la juu, wakaridhika. Igeuze uitazame kwa chini. Themostati za Toyota nyingi zina kisahani cha pili chini ya springi, na kisahani hicho ndicho siri ya hadithi yote hii.

Kazi yake ni hii. Injini ina njia ya mkato ambayo maji hupita bila kwenda kwenye rejeta, ili yazunguke ndani wakati injini bado baridi. Mlango wa juu unapofunguka kuelekea rejeta, kisahani cha chini kinashuka na kuiziba njia ya mkato. Sasa ng'oa themostati. Njia ya rejeta iko wazi, lakini njia ya mkato nayo iko wazi, moja kwa moja. Maji hupenda njia nyepesi, hivyo sehemu kubwa ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja upepo wa feni. Asubuhi gari linakuwa baridi kupita kiasi. Likipanda mlima na mzigo, linachemka. Mwenye gari anashangaa: themostati ilishatolewa, mbona bado? Kwa injini za namna hii, mara nyingi linachemka kwa sababu ilitolewa.

Jaguar zenye injini ya XK zina jambo kama hilo. Themostati yake ya asili ilikuwa na sketi inayoziba tundu la njia ya mkato inapofunguka. Ukiweka ya kawaida isiyo na sketi, namba ikiwa sawa na duara likiwa sawa, bado umeacha tundu wazi. Kwa hiyo peleka ile ya zamani dukani, uziweke bega kwa bega: duara, urefu kutoka juu hadi chini, upana wa kisahani. Isipolingana, usiichukue, hata muuzaji akikuapia.

Je, wajua kwamba ile hoja ya "maji yanakwenda kasi mno, hayapati muda wa kupoa" si sahihi? Wengi huitumia kueleza kwa nini gari lisilo na themostati linachemka. Maji yanayopita kasi hukaa muda mfupi kwenye rejeta, ni kweli, lakini hurudi mara nyingi zaidi, na kwa jumla joto linalotolewa huongezeka. Sababu ya kweli ni njia ya mkato. Kwenye injini ambazo hazina njia hiyo, kung'oa themostati hakuleti kuchemka, huleta ubaridi.

Na ubaridi nao ni ugonjwa. Je, wajua kwamba lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji? Mengi hutoka kwa sailensa yakiwa mvuke. Lakini kiasi fulani hupenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Injini yenye joto lake huyageuza kuwa mvuke na kuyatoa. Injini baridi huyabakiza, yakachanganyika na oili, ndipo unapofungua kifuniko cha oili na kukuta utando mweupe kama maziwa ya mgando. Fundi mwenye haraka ataliona hilo na kutangaza kwamba gasketi ya hedi imekufa, wakati tatizo ni themostati iliyoachwa benchi. Kwenye dizeli yenye salfa nyingi, maji hayo huzaa asidi kwenye kuta za silinda.

Kuna na mafuta. Gari lenye mfumo wa sindano za petroli lina sensa inayoiambia kompyuta joto la maji. Sensa ikisema nyuzi 60, kompyuta inaamini kwamba injini bado inaamka, inazidisha petroli. Ukisafiri hivyo kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, umelipia petroli ya kuamsha injini njia nzima.

Je, wajua kwamba unaweza kuijaribu themostati nyumbani kwa sufuria, uzi na kipimajoto? Chukua sufuria ambayo haitarudi jikoni, kwa sababu mabaki ya kulanti ni sumu, na glikoli ina ladha tamu inayoweza kumdanganya mtoto. Kwanza itazame themostati ikiwa baridi: iinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kando ya mlango, haifungi. Kisha banisha uzi kwenye mlango uliofungwa, uininginize majini. Isiguse kitako cha sufuria, maana kitako kina moto kuliko maji, na kipimajoto nacho kisiguse. Pasha polepole huku ukikoroga. Mlango ukianza kuachia, themostati itaanguka kutoka kwenye uzi. Soma kipimajoto hapo hapo. Usikimbize moto, kwa kuwa nta huchelewa, nawe utasoma joto la maji ambalo nta bado haijalipata.

Ikiwa ni ya 82 na imeachia kati ya 80 na 84, ni nzima mpaka hapo. Endelea kupasha uone imeinuka kiasi gani, kisha iache ipoe uone kama inafunga kabisa. Ni kawaida ifunge nyuzi chache chini ya pale ilipofungukia. Inayofunguka vizuri halafu ikagoma kufunga ni ya kutupwa.

Sasa sikilizeni, watu wa nyanda za juu. Je, wajua kwamba jaribio hilo linaweza kuihukumu themostati nzima bila haki? Pwani maji huchemka nyuzi 100. Kampala huchemka karibu nyuzi 96, Kigali na Bukavu 95, Nairobi na Mbeya 94, Njombe 93. Maji ya sufuria iliyo wazi yakishachemka, hayapandi tena hata uongeze kuni. Kwa hiyo themostati ya nyuzi 88, ambayo hufunguka yote inapokaribia nyuzi 100 au zaidi, ukiichemshia Nairobi utaiona imefunguka nusu tu, na utadhani imekufa. Ya nyuzi 92 itatikisika kidogo tu. Huko juu, hukumu yako iwe juu ya joto la kuanza kufunguka, na kama inafunga tena. Ukitaka kuona mlango wote ukiwa wazi, ichemshe pamoja na themostati mpya ya aina ileile uzilinganishe, au tumia nusu maji nusu kulanti, ambayo pwani huchemka karibu nyuzi 107 na Nairobi karibu 101. Fanya hivyo nje, penye hewa.

Ndani ya gari mambo hubadilika, kwa sababu ya kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha bar 0.9 huyafanya maji ya pwani yasichemke mpaka karibu nyuzi 118, na ya Nairobi mpaka karibu 115. Kikilegea, maji ya Nairobi yanarudi kuchemka nyuzi 94, kabla themostati ya 88 haijafunguka yote. Gari linatoa mvuke, themostati inang'olewa, na kifuniko mgonjwa kinabaki mahali pake. Kibadilishe kwanza. Na kamwe usikifungue injini ikiwa moto: maji yaliyozidi nyuzi 100 yakipoteza shinikizo hulipuka kuwa mvuke hapo hapo, usoni pako.

Unaweza pia kujaribu bila kufungua chochote. Kwenye Land Rover za zamani, ambazo themostati iko juu mbele ya hedi, washa injini ikiwa baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni na mkanda. Unatakiwa ubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto ghafla. Ukipata moto polepole tangu mwanzo, themostati imekwama wazi au haipo. Ukibaki baridi huku mshale wa joto ukikimbilia H, imekwama imefungwa, zima injini. Kwenye Toyota nyingi themostati iko upande wa chini, maji yanapoingia injini, hivyo mpira wa kuushika ni wa chini.

Tahadhari na mshale wenyewe. Magari kadhaa ya miaka ya 1990 yalitengenezewa mshale unaotulia katikati hata joto likipanda au kushuka nyuzi nyingi, ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukiuona umesogea, mambo yameshaharibika.

Je, wajua kile kijipini kinachocheza pembeni ya themostati ni cha nini? Ni cha kutolea hewa. Kikae juu. Kikielekea chini, hewa inabaki nyuma ya mlango, na nta iliyozungukwa na hewa haihisi joto la maji. Upande wa springi na kikombe cha nta uelekee kwenye injini. Weka mpira au gasketi mpya, na usizidishe silikoni: vipande vyake hukatika na kwenda kuziba rejeta.

Kilichoua themostati ya awali mara nyingi ni maji. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na maji magumu huacha magamba. Magamba yakishika kwenye pini, mlango unakwama. Kulanti haihusu barafu peke yake. Kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu.

Kabla hujailaumu themostati, kagua maji, kifuniko, mkanda, feni na rejeta. Ukiona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikinguruma, mara nyingi shida ni gasketi ya hedi. Na fundi akisema tuitoe tu, mwombe aichemshe kwanza mbele yako. Ikiwa mbovu, nunua nyingine ya namba ileile na umbo lilelile, uirudishe mahali pake.